Walter Reed: Maisha ya Mtu Aliyeacha Jina Lake Kericho

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliposema kwamba jina jema hung'ara gizani. Hata hivyo, yako majina yanayong'ara mchana kutwa mbele ya macho yetu nasi tusijue yalikotoka. Mojawapo ni jina la Walter Reed. Kwa miaka mingi wakazi wa Kericho na Bomet wamelitumia jina hilo kukitaja kituo cha utafiti wa maradhi mjini Kericho, kilichoendeshwa kwa ushirikiano wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na taasisi ya jeshi la Marekani iitwayo Walter Reed. Mchuma chai aliyetolewa damu huko aliweza kusema ametoka Walter Reed, kama mtu asemavyo ametoka sokoni. Makala hii inanuia kusimulia maisha ya mwenye jina hilo, na kuonyesha ni kwa nini maisha hayo yanamhusu mwanafunzi wa Kiswahili, ijapokuwa Reed hakukanyaga ardhi ya Afrika.

Kuzaliwa na Elimu

Walter Reed alizaliwa tarehe 13 Septemba 1851 katika jimbo la Virginia, Marekani, akiwa kitinda mimba wa mhubiri wa Kimethodisti. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Virginia mwaka 1869, kabla hajatimiza umri wa miaka 18, na mwaka uliofuata akapata shahada ya pili mjini New York. Baada ya kufanya kazi katika idara za afya za mji huo na wa Brooklyn, alijiunga na jeshi mwaka 1875 akiwa daktari. Mwaka 1876 alimwoa Emilie Lawrence. Kwa zaidi ya miaka kumi walihamishwa kutoka kambi moja hadi nyingine katika nyika za magharibi, naye akiwatibu askari, walowezi na wenyeji asilia.

Wakati huo elimu ya maradhi ilikuwa ikigeuka. Nchini Ujerumani Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kwamba ameona kwa hadubini bakteria wa kifua kikuu. Maradhi yaliyodhaniwa kuletwa na hewa chafu sasa yalikuwa na kisababishi kilichoweza kutafutwa na kutambuliwa. Reed hakutaka kuachwa nyuma. Mwaka 1890, akikaribia umri wa miaka 40, alirudi kuwa mwanafunzi katika Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, akajifunza elimu ya bakteria chini ya William Welch. Mwaka 1893 aliteuliwa kuwa profesa katika chuo cha tiba cha jeshi mjini Washington.

Safari ya Kuba

Vita vya mwaka 1898 kati ya Marekani na Uhispania viliwaua askari wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Baada ya kuongoza uchunguzi wa homa ya matumbo makambini, Reed alitumwa Kuba mwezi Juni 1900 kuchunguza homa ya manjano. Aliandamana na madaktari watatu: James Carroll, Jesse Lazear na Aristides Agramonte, wa mwisho akiwa mzaliwa wa Kuba.

Tabibu Mwitaliano, Giuseppe Sanarelli, alikuwa amedai mwaka 1897 kwamba amempata bakteria wa homa hiyo. Reed na Carroll walithibitisha kuwa dai hilo halikuwa na msingi. Ndipo walipomgeukia mzee mmoja wa Havana, Carlos Finlay. Wenyeji wa Kericho walilizoea jina la Finlay kutokana na mashamba ya chai, lakini huyu alikuwa daktari wa Kuba, ambaye tangu mwaka 1881 alikuwa akisema kwamba homa ya manjano huenezwa na mbu. Kwa takriban miaka 20 watu walimpuuza. Finlay aliwapa wageni wake mayai ya mbu, nao wakaanza kazi.

Kazi hiyo haikuwa na mchezo. Mwezi Agosti Carroll alijitoa aumwe na mbu aliyekuwa amewauma wagonjwa. Akaugua nusura afe. Lazear aliumwa mwezi Septemba, akafariki tarehe 25 akiwa na umri wa miaka 34. Reed wakati huo alikuwa Washington, naye mwenyewe hakuumwa na mbu hao. Hili ni doa ambalo wasimulizi wengi wa maisha yake hulipita kimya.

Aliporejea, Reed alifungua kambi mwezi Novemba 1900 na kuipa jina la Lazear. Humo mlijengwa nyumba mbili ndogo. Katika ya kwanza, watu wa kujitolea walilala usiku 20 mfululizo juu ya matandiko yaliyochafuliwa na wagonjwa, hakuna aliyeugua. Nyumba ya pili ilikuwa safi kabisa, lakini iligawanywa kati kwa wavu, upande mmoja wakatiwa mbu. Aliyeingia upande wa mbu aliugua. Waliokaa upande wa pili, wakivuta hewa ileile, walibaki wazima. Mwaka 1901 vita dhidi ya mbu viliitokomeza homa hiyo mjini Havana.

Lakini kisababishi chenyewe ki wapi? Mwaka huohuo Carroll alichuja maji ya damu ya mgonjwa kwa kichujio kilichoweza kuwazuia bakteria wote waliojulikana, kisha akamdunga mtu mwingine. Mtu huyo aliugua. Kwa hivyo kisababishi kilikuwa kidogo kuliko bakteria, wala hadubini ya siku zile haikuweza kukionyesha. Kwa mara ya kwanza ilithibitishwa kwamba binadamu huweza kuugua kutokana na kile tukiitacho leo virusi.

Karatasi ya Ridhaa

Miongoni mwa waliojitolea walikuwamo wahamiaji maskini kutoka Uhispania. Reed aliwaandalia mkataba wa maandishi, kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Mkataba ulieleza kuwa maisha yao yangekuwa hatarini. Uliahidi dola 100 za dhahabu kwa kushiriki, na 100 nyingine kwa atakayeugua. Hakuna aliyekufa katika majaribio ya kambi ile, na mkataba huo huhesabiwa miongoni mwa mifano ya awali ya ridhaa ya maandishi katika utafiti wa tiba.

Tusimsifu kupita kiasi. Mkataba huohuo uliwaambia wahamiaji kwamba wakikaa kisiwani wangeambukizwa tu hata wasiposhiriki, na dhahabu mbele ya mtu mwenye njaa hupunguza uhuru wa kukataa. Pamoja na hayo, Reed alitambua jambo moja: ridhaa haiwi ridhaa iwapo imeandikwa kwa lugha asiyoijua mwenye kuitoa.

Kifo na Urithi

Reed alifariki tarehe 23 Novemba 1902 baada ya kupasuliwa kidoletumbo, akiwa na umri wa miaka 51. Nchini mwake alivikwa sifa zote, ilhali Wakuba hadi leo humhesabu Finlay kuwa ndiye mwenye ugunduzi.

Jina lake lilifika Kenya mwaka 1969, kitengo cha utafiti cha jeshi la Marekani kilipoanza kazi nchini. Huko Kericho, mwaka 2003 watu wazima zaidi ya 2,800 waishio katika mashamba ya chai waliandikishwa katika utafiti wa virusi vya UKIMWI. Kuanzia mwaka 2009 Kericho ilishiriki, pamoja na Mbeya, Kampala na kituo kimoja cha Thailand, katika utafiti mwingine ambamo washiriki walitoa matone ya damu mara mbili kwa wiki. Kipimo kilichotumika hakikungoja mwili utengeneze kingamwili. Kilitafuta RNA, yaani maandishi ya urithi ya virusi vyenyewe, binamu wa DNA. Kwa njia hiyo maambukizi yaligunduliwa yangali machanga, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Alichokijua Carroll kwa kuona tu kuwa kimepenya kichujio, sasa kilisomwa herufi kwa herufi.

Hitimisho

Vyombo vimebadilika, lakini damu ni ileile ya binadamu, naye bado hana budi kuelezwa. Hapa ndipo msomi wa Kiswahili anapoitwa. Ukimwambia mchuma chai wa Sotik kwamba atapangiwa kundi kwa bahati nasibu, je, haoni kamari? Ukitaja dawa bandia, je, hadhani analaghaiwa? Ukitaja DNA, je, hafikirii tu kesi ya kutafuta baba wa mtoto? Maneno haya yanasubiri watu wa kuyapima kwa makini kama maabara inavyopima damu. Reed alihitaji karatasi kwa lugha mbili. Kericho na Bomet zinahitaji Kiswahili na Kipsigis vilivyo fasaha, ili mtu anaponyoosha mkono wake atolewe damu, awe anajua anachokikubali na anachoweza kukikataa.