Coleridge-Taylor: mwana wa Mwafrika aliyetunga kwinteti ya klarineti akiwa na miaka 19

Tarehe 11 Julai 1895, jijini London, kazi mpya ya klarineti, violini mbili, viola na selo ilipigwa kwa mara ya kwanza katika chuo cha muziki cha Royal College of Music. Mtunzi wake alikuwa mwanafunzi wa miaka 19, Samuel Coleridge-Taylor. Mama yake alikuwa Mwingereza, baba yake alitoka Sierra Leone.

Kazi hiyo ni kwinteti, yaani muziki wa wapigaji watano. Kijana wa Yangambi au Kisangani anayejiandaa kuipiga mbele ya watu atapata mengi ndani ya nota, lakini si yote. Maisha ya aliyeziandika yanaeleza kwa nini ziliandikwa, na baadaye zilimfikisha wapi.

Mtoto wa Croydon

Coleridge-Taylor alizaliwa tarehe 15 Agosti 1875. Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa amekuja Uingereza kusomea udaktari, akarudi Afrika ya Magharibi kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake, Alice, alimpa mtoto jina la mshairi wa Kiingereza Samuel Taylor Coleridge.

Alilelewa na jamaa ya mama yake huko Croydon, kusini mwa London, katika nyumba isiyokuwa na mali. Alianza violini akiwa mdogo. Watoto wenzake walimcheka kwa ajili ya rangi yake, lakini walimu wakaona kipaji chake. Mwaka 1890, akiwa na miaka 15, aliingia Royal College of Music. Baadaye akaanza kusomea utunzi kwa mwalimu Charles Villiers Stanford.

Jaribio la mwalimu

Mwaka 1891 Johannes Brahms, mtunzi mkubwa wa Ujerumani, alikuwa ametoa kwinteti yake ya klarineti, na wanamuziki wa Ulaya waliistaajabia sana. Stanford aliwaambia wanafunzi wake kwamba baada ya Brahms, hakuna mtu angeweza kuandika kwinteti ya namna hiyo bila kumwiga.

Coleridge-Taylor alilichukua neno hilo kama jaribio. Alimpenda zaidi Antonín Dvořák, mtunzi wa Bohemia aliyejenga muziki wake juu ya nyimbo na ngoma za watu wa kwao. Alipomaliza, Stanford mwenyewe alikubali kwamba mwanafunzi ameshinda. Kisha akaipeleka kazi hiyo Berlin kwa Joseph Joachim, mpiga violini mashuhuri na rafiki wa Brahms, naye akaipiga pamoja na wenzake.

Mpiga klarineti anayejua kisa hiki hataipiga kana kwamba ni Brahms. Humu klarineti haikai juu ya wengine kama mwimbaji mkuu. Inaongea na nyuzi nne, inapokea neno na kulirudisha. Katika sehemu ya tatu midundo miwili tofauti inakwenda kwa wakati mmoja, jambo ambalo sikio lililokua karibu na ngoma za Walokele halitalishangaa. Karibu na mwisho, wimbo wa polepole wa sehemu ya pili unarudi kwa kitambo kidogo kabla ya kufunga.

Mwaka huo wa 1895, huku kwetu mtoni, nchi ilikuwa chini ya Leopold II, na watu walikuwa wakilazimishwa kutafuta mpira msituni. Miaka mitano baadaye, mwaka 1900, Coleridge-Taylor alikuwa kati ya waliohudhuria mkutano wa kwanza wa Waafrika na wazao wao huko London.

Sifa nyingi, pesa kidogo

Mwaka 1898 kazi yake ya kwaya, Hiawatha's Wedding Feast, ilimfanya ajulikane pande zote za Uingereza. Lakini alikuwa kijana mwenye shida ya pesa, akaiuza kwa mchapishaji moja kwa moja kwa guinea 15, zaidi kidogo ya pauni 15. Nakala nyingi sana ziliuzwa. Yeye hakupata sehemu yoyote ya mauzo hayo.

Mwaka 1899 alimwoa Jessie Walmisley, aliyesoma naye chuoni, ingawa wazazi wa mke walipinga sana. Walizaa watoto wawili. Huko Washington, Wamarekani weusi waliunda kwaya yenye jina lake, na mwaka 1904 alipokwenda huko alipokelewa na rais Theodore Roosevelt. Hata hivyo, ili jamaa yake ile, ilimlazimu kufundisha, kuongoza kwaya na kuandika bila kupumzika.

Mwishoni mwa Agosti 1912 alianguka kwenye kituo cha treni huko Croydon. Alikufa tarehe 1 Septemba kwa nimonia, akiwa na miaka 37. Wanamuziki walifanya tamasha kubwa ili kuisaidia jamaa yake, na mfalme akampa mjane posho ya kila mwaka. Kisa chake kilizungumzwa sana wakati watunzi wa Uingereza walipodai walipwe kila kazi yao inapopigwa. Mwaka 1914 chama cha kusimamia haki hiyo kilianzishwa.

Baada ya kifo chake kwinteti ilikaa miaka mingi bila kupigwa mara kwa mara, kisha wapiga klarineti wakairudia. Anayeitayarisha leo ana la kuwaeleza wasikilizaji kabla ya nota ya kwanza: jina la mtunzi, asili yake na mwaka wa kazi. Na mwanamuziki wetu anayekaribia kutia sahihi mkataba kwa sababu ya njaa ya wiki moja, azikumbuke zile guinea 15 na aulize kwanza anauza nini.