Stoneham: Mkusanyaji aliyewaachia watu wa Kitale wasia

WENGI wetu tunaovuka mpaka kwa njia ya Lwakhakha au Suam tunaijua Kitale kwa mahindi na mitumba. Wachache wanalijua jumba lake la makumbusho, na wachache zaidi wanamjua mwasisi wake, Luteni Kanali Hugh Stoneham.

Stoneham alikuwa mwanajeshi Mwingereza na mlowezi aliyeishi Cherangani, ng'ambo ya Mlima Elgon kutoka kwetu Wanale. Tangu mwaka 1894, akiwa bado mtoto, alianza kukusanya wadudu, na baadaye wanyama wengine na vitabu. Mwaka 1926 alifungua makumbusho yake binafsi, akayapa jina lake.

Tusimpambe kupita kiasi. Enzi zake ardhi nzuri ya Trans Nzoia ilitengwa kwa Wazungu, na Waafrika waliishi humo kama vibarua na maskwota. Yeye mwenyewe alipenda zaidi viumbe vya porini kuliko vyungu na ngoma za wenyeji.

Hata hivyo, alifanya jambo ambalo wengi hushindwa: aliandika wasia. Alipofariki mwaka 1966, mkusanyo wake haukupigwa mnada. Aliliachia taifa la Kenya, pamoja na fedha za kujengea. Jumba jipya lilifunguliwa Desemba 1974. Tangu hapo wenyeji wenyewe wameingia ndani yake: vyombo, silaha na mapambo ya makabila ya magharibi yamewekwa humo, na uani zimejengwa nyumba za kienyeji, zikiwemo za Waluhya na Wanandi.

Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tunajua uchungu wa kukuta nyumba haina tena kitu cha babu. Bado Bugisu kuna njuga za imbalu, ngoma za kadodi, vibuyu na mikuki. Lakini mzee akifa, vijana huviuza kwa mpita njia, na kikishavuka mpaka hakirudi.

Wasia hauhitaji ukanali. Mzee akiwa hai anaweza kuuita ukoo na mwalimu wa shule ya jirani, akataja kipi kisiuzwe na nani akitunze, na maneno hayo yakaandikwa mbele ya mashahidi.

Basi, ndugu mfanyabiashara, siku ukingoja gari Kitale, ingia ukajionee. Ukirudi nyumbani, muulize mzee wako ni nani atakayeirithi ngoma yake.