Rachel Carson na majira ya mto

Rachel Carson alifariki dunia Aprili 14, 1964, nyumbani kwake Silver Spring, jimbo la Maryland, kitongoji cha Washington. Alikuwa na umri wa miaka 56. Ulimwengu humkumbuka kwa kitabu chake cha mwaka 1962, Silent Spring, kilichoanika madhara ya DDT na viuatilifu vinginevyo. Si wengi wanaokumbuka kwamba safari yake ilianzia kwa samaki.

Alizaliwa mwaka 1907 huko Springdale, Pennsylvania, karibu na Mto Allegheny, akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1932. Baba yake alipofariki mwaka 1935, mzigo wa familia ulimwangukia. Idara ya uvuvi ya serikali mjini Washington ilimpa kibarua cha kuandika vipindi vifupi vya redio juu ya viumbe wa majini, kazi ambayo sisi watu wa redio twajua kuwa si lelemama.

Mwaka 1936 aliandika gazetini kuhusu shadi, samaki watokao baharini kila majira ya kuchipua, wakapanda mito ya Ghuba ya Chesapeake kutaga mayai. Walikuwa wakipungua. Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria hahitaji kufafanuliwa: ningu naye hungoja mvua ijaze mto ndipo apande kutaga, na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zilikaribia kummaliza.

Mto, basi, hauna wakazi wale wale mwaka mzima, na sumu haiwapati wote sawasawa. Carson alilionyesha hilo kwa kisa cha Mto Miramichi, Kanada. Juni 1954 ndege zilinyunyizia misitu DDT kuua viwavi, vifaranga vya salmoni wakiwa wametoka changaraweni muda si mrefu. Kufikia Agosti, watafiti hawakukuta hata kifaranga mmoja wa mwaka ule. Wadudu wa majini, chakula chao, nao waliteketea.

Miaka hiyo hiyo DDT ilimiminwa katika mito ya Nyanza, Kenya, na Nile kule Jinja, kuangamiza inzi weusi waenezao usubi, ugonjwa unaopofusha. Nia ilikuwa njema, na Nyanza inzi hao walitokomezwa. Carson hakudai kemikali zote zipigwe marufuku. Alidai anayezimwaga ajue kwanza zitamfikia nani.

Watengenezaji wa kemikali walimshambulia vikali. Mwaka 1963, akiwa mgonjwa wa saratani, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Seneti. Marekani ilipiga marufuku DDT mashambani mwaka 1972, miaka minane baada ya kifo chake.