Frank Selke, fundi wa umeme mwenye alijua kungoja

Wasomaji wetu wengi hawajaona hoki kwa macho, basi tuanzie pale. Iko mchezo wa nchi za baridi. Watu sita kila upande, kipa ndani yao, wanakimbia juu ya barafu na viatu vyenye chuma kikali chini, wanagombania kisahani kigumu cha mpira kwa fimbo. Kanada wanaupenda ginsi sisi tunapenda futbol, na kombe kubwa la wachezaji wa kulipwa linaitwa Kombe la Stanley. Mtu wetu wa leo hakujulikana kwa kucheza. Alikuwa mfupi wa kimo, fundi wa umeme, mtu wa sindika. Jina lake Frank Selke. Kazi yake ilikuwa kuchagua vijana wakingali wadogo, kiisha kuwangoja mpaka wakomae. Na kungoja, kila mtu mwenye alichimba shimo anajua, kunakula feza na kunaleta maneno.

Tena hoki ya kule na mgodi ni ndugu. Ekipe ya Canadiens de Montréal, yenye tutaisema sana hapa chini, ilianzishwa Desemba 1909 na Ambrose O'Brien, mtoto wa tajiri mmoja mwenye alipata mali katika kujenga reli na katika migodi ya argent ya mji wa Cobalt, Ontario. Ndiyo, mji wenyewe unaitwa Cobalt, na ulikuwa na ekipe yake katika ligi ile ile.

Selke alizaliwa tarehe 7 Mei 1893, Ontario vilevile, katika mji ulioitwa Berlin. Wakati wa vita ya kwanza jina hilo lilichukiza watu, na mwaka 1916 wakaugeuza kuwa Kitchener. Alipokuwa na miaka 14 tayari alikuwa anaongoza ekipe ya watoto wa mtaani. Baadaye akahamia Toronto, akatumika kazi ya umeme, akawa mmoja wa wakubwa wa sindika ya mafundi wa umeme. Mchana waya, mangaribi vijana kwenye barafu. Mwaka 1929 vijana wake, Marlboros wa Toronto, walishinda Memorial Cup, kombe la vijana la Kanada nzima. Ndani yao alikuwa kijana mmoja mwenye nguvu sana, Charlie Conacher.

Sasa, Toronto kulikuwa bwana mmoja, Conn Smythe, mwenye machimbo ya mchanga na changarawe. Mwaka 1927 yeye na wenzake walinunua ekipe ya mji, wakaipa jina jipya, Maple Leafs. Ilikuwa ekipe changa, haina jina kubwa. Smythe alikuwa na moto na alikuwa na mdomo. Chenye hakuwa nacho ni mtu mwenye kujua vijana wote wa Ontario, mmoja mmoja. Basi akamchukua Selke awe msaidizi wake. Conacher akapanda juu, na mwenzake Harvey Jackson akapanda. Wakawekwa pamoja na Joe Primeau, mwenye alikuwa amerudishwa ligi ya chini mbele ya kukubaliwa. Watu wakawaita mstari wa watoto. Ligi nzima ilianza kuwaogopa.

Lakini jambo lenye sisi tunalipenda zaidi katika miaka ile si goli, ni jengo. Mwaka 1931 Smythe alitaka kujenga uwanja mpya wa ndani, Maple Leaf Gardens. Ulikuwa mwaka wa njaa: mabenki yalifunga mkono, viwanda vilifunga milango, feza ya kumaliza jengo ilikosekana. Selke akaenda kwa wenzake wa sindika. Akawaomba wakubali asilimia 20 ya mshahara kwa njia ya hisa za jengo lenyewe, na mengine kwa feza taslimu. Mfikirie jambo hili ninyi wenye mshahara. Mtu ana watoto nyumbani, unamwambia sehemu moja kwa tano ya kazi yake itakuwa karatasi. Kama angekuja patro mwenyewe kusema vile, wangemfukuza. Alikuja mwenzao, na inasimuliwa kwamba aliweka nyumba yake rehani ili anunue hisa yeye pia. Wakakubali. Kazi ilianza tarehe 1 Juni, na tarehe 12 Novemba mwaka ule ule milango ikafunguliwa. Mechi ya kwanza Toronto walipigwa 2 kwa 1 na Chicago, lakini Aprili 1932 Kombe la Stanley lilikuwa lao.

Nyuma ya pale ilikuwa miaka mirefu ya kufika fainali na kukosa. Walishinda tena mwaka 1942. Kiisha Smythe akaenda vitani Ulaya na askari wa mizinga, na Selke akabaki kushika nyumba.

Njo pale shida ilianzia. Port Colborne, mji wenye kiwanda cha kusafisha nikeli, kulikuwa kijana wa miaka 17, Ted Kennedy. Haki ya kumchezesha ilikuwa ya Montréal, lakini kijana alikwenda kule, akasikia upweke, akarudi kwao. Antrenere wake, Nels Stewart, mchezaji mkubwa wa zamani, aliwaambia watu wa Toronto kwamba mtoto huyu hakimbii haraka lakini hachoki na hakubali kushindwa. Selke alikuwa na Frank Eddolls, beki kijana mwenye Smythe alimpenda sana. Mwaka 1943 akamtoa Eddolls, akamchukua Kennedy. Hakungoja patro arudi kutoka ng'ambo ya bahari kumpa ruhusa.

Smythe alikasirika vibaya sana. Tunaweza kumwelewa kidogo: mtu eko vitani, anasikia kwamba mtu wake wa mkono amegawa mali yake. Lakini hesabu ya uwanjani ilijibu upesi. Kennedy alishinda Kombe mwaka 1945, kiisha mara nne zaidi, akawa kapiteni wa Maple Leafs na mmoja wa wachezaji wakubwa wa mji ule. Eddolls alikuwa beki mzuri, si zaidi. Unaweza kudhani patro atasema asante. Hapana. Smythe alirudi na jeraha la vita na mashaka moyoni, kwamba Selke na wengine walizoea kutawala bila yeye. Maneno yakawa mengi. Mwaka 1946 Selke akaacha kazi yenye aliishi nayo karibu miaka 17. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Mwaka ule ule Montréal wakamwita awe meneja mkuu wa Canadiens. Kwa mtu wa nje ilikuwa kazi ya raha: Canadiens walikuwa wametoka kushinda Kombe. Lakini Selke aliangalia chini ya nyumba. Kulikuwa Maurice Richard, mwenye moto kupita wote, kulikuwa wakubwa wengine wachache, na nyuma yao hakukuwa mtu. Kama wewe umechimba, unajua shimo lenye linatoa mawe mazuri leo na hakuna mtu anayetafuta mshipa mwingine. Basi alimwendea mwenye ekipe, Seneta Donat Raymond, akamwomba feza, si ya kununua nyota, lakini ya kulipia ekipe za vijana katika majimbo yote, kutoka Québec mpaka Regina na mbele zaidi. Watoto wale wangeleta matunda nyuma ya miaka mitano, sita. Seneta akakubali.

Na miaka ile haikuwa tamu. Mwaka 1947 Canadiens walipoteza fainali mbele ya Toronto, mbele ya Kennedy yule yule. Mwaka 1948 Toe Blake, kapiteni, alivunjika mguu akamaliza kucheza, na ekipe ikamaliza ya tano katika ekipe sita, nje ya mechi za Kombe. Toronto walichukua Kombe 1947, 1948, 1949 na 1951. Fikiria kila asubuhi kusoma gazeti juu ya ushindi wa patro wako wa zamani, na wewe unasema ngojeni, watoto wanakuja. Selke hakuuza mtoto hata mmoja wa maana kwa sababu ya hofu. Sisi tunaona hapo njo kazi yake kubwa, kuliko makombe.

Wakaanza kufika. Doug Harvey, beki kutoka Montréal kwenyewe, mwenye alicheza polepole kama mtu mwenye kuwaza kitu kingine na bado mchezo wote ukamfuata. Bernard Geoffrion. Dickie Moore. Jacques Plante langoni. Tangu 1951 mpaka 1960 Canadiens hawakukosa fainali hata mwaka mmoja.

Mmoja alikataa kufika. Jean Béliveau, kijana mrefu wa Victoriaville, alichezea Aces wa mji wa Québec, katika ligi yenye haikuitwa ya kulipwa, lakini feza yake ilikuwa sawa na ya nyota wa Montréal, na watu wa Québec walimpenda. Kila mwaka Selke anaomba, kila mwaka kijana anasema bado. Mwaka 1953 wakapata dawa: Canadiens walinunua ligi nzima, ikageuzwa kuwa ligi ya kulipwa, na kwa sheria Béliveau akawa wao. Aliweka sahihi kontra ya miaka mitano ya zaidi ya dola 100,000. Selke alikuwa mtu wa kubana feza, lakini siku ile alifungua sanduku.

Mwaka 1955 alichagua antrenere mpya, Toe Blake yule wa mguu. Blake alizaliwa Victoria Mines, kijiji cha mgodi karibu na Sudbury, akakulia Coniston, penye tanuru la nikeli. Alisema Kifaransa na Kiingereza, na Richard alimsikiliza. Mwaka ule ule mdogo wa Richard, Henri, miaka 19, mfupi, alikuja mazoezini. Walidhani watamrudisha chini, hakuna mtu aliyeweza kumnyang'anya kisahani, wakamwacha. Kiisha makombe matano yakafuatana, 1956 mpaka 1960. Hakuna ekipe nyingine imefika matano mfululizo mpaka leo. Walikuwa wanafunga mara mbili, mara tatu wakati mpinzani mmoja yuko nje kwa kosa dogo, mpaka ligi ikabadili sheria mwaka 1956: goli moja likiingia, aliyekosa arudi uwanjani.

Vijana walikuwa wengi kuliko nafasi. Desemba 1954 Montréal walimpeleka Ed Litzenberger Chicago, juu ekipe ya kule ilikuwa karibu kufa. Mwaka 1961 Chicago, Litzenberger kapiteni, walitoa Canadiens nje na kuchukua Kombe.

Bon, hapa lazima tuseme upande mwingine, juu wasomaji wetu ni watu wa kazi. Vijana wale wa Selke walikuwa wanaweka sahihi karatasi wakiwa wadogo sana, na karatasi ile iliwafunga kwa klabu moja. Ekipe kubwa zilikuwa sita, nafasi labda 120 katika nchi mbili. Kijana wa Montréal mwenye alikuwa mzuri lakini si wa kupita Harvey angeweza kuzeeka ligi ya chini, na hana ruhusa ya kutafuta kazi mahali pengine. Kungoja kwa Selke kulilipwa pia na miaka ya vijana wale. Mwaka 1957 wachezaji walijaribu kuanzisha sindika yao. Kiongozi alikuwa Ted Lindsay wa Detroit. Harvey wa Montréal alikuwa mmoja wa wakubwa wake. Maklabu yalipigana nayo: Lindsay akapelekwa Chicago, na mwanzo wa 1958 sindika ikavunjika. Mwaka 1961 Harvey, ametoka kupata tuzo ya beki bora wa ligi, alipelekwa New York. Alikuwa na miaka 36, hesabu ya umri ilikuwepo. Lakini Harvey na wengine wengi waliona ni malipo ya sindika. New York akapata tuzo ile ile tena mwaka uliofuata.

Fundi wa umeme mwenye mwaka 1931 aliomba wenzake wa sindika wamwamini, na wakamwamini, mwaka 1957 alikuwa amekaa upande wa mapatro. Hatuwezi kusema alikuwa mtu mbaya. Wachezaji wengi walimheshimu mpaka mwisho. Lakini mtu mwenye alijua sana uzito wa sindika angeweza kufungua mlango kidogo, na hakuufungua.

Aliacha kazi mwaka 1964, na Sam Pollock, mwenye alikuwa amemlea katika ekipe za vijana, akashika nafasi. Selke akaenda kwenye shamba lake Rigaud, magharibi ya Montréal, kufuga kuku wa mbegu nzuri, kazi yenye aliipenda tangu zamani. Tangu 1978 mshambuliaji mwenye kujua kulinda kuliko wote anapewa tuzo yenye jina la Selke. Wa kwanza alikuwa Bob Gainey wa Canadiens. Alikufa Rigaud tarehe 3 Julai 1985, na miaka 92. Oktoba ya mwaka ule ule Canadiens walipandisha namba 2 ya Doug Harvey juu ya uwanja wao wa Forum, mtu mwingine asiivae tena.