Abebe Bikila: viatu vilimbana, akavivua

Wengi wenu mmeiona ile picha ya mwanamume mwembamba akikimbia usiku mjini Roma, namba 11 kifuani, miguu mitupu. Kwa sababu yake, watu huamini kwamba Abebe Bikila alidharau viatu. Sivyo. Viatu vilimbana.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, nyanda za juu za Ethiopia, mtoto wa mfugaji. Alipokua alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na huko akaangukia mikononi mwa kocha kutoka Sweden, Onni Niskanen. Mazoezini alikimbia mara kwa viatu, mara peku.

Alipofika Roma kwa Olimpiki ya 1960, viatu vipya alivyopata havikumkaa. Vilimtoa malengelenge.

Anayenunua raba za mtumba bila kuzijaribu anaijua kero hii. Mguu uliokua bila viatu aghalabu huwa mpana kwenye vidole. Kiatu chembamba mbele huusugua mpaka ngozi inavimba maji. Mkimbiaji naye, akikwepa maumivu, huanza kukanyaga upande, na uzito unahamia kwenye kifundo cha mguu na goti. Ukingo wa kiatu ukipanda juu mno, nao hugonga kile kifupa cha pembeni kila hatua. Sasa hesabu hatua za kilomita 42.

Basi tarehe 10 Septemba 1960 Abebe alianza mbio bila viatu. Karibu na mwisho aliupita mnara wa Axum, ambao Waitalia waliuchukua kwao walipoitawala Ethiopia (haukurudishwa hadi mwaka 2005), na hapo akamwacha Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda ambao hadi siku hiyo hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuufikia katika marathoni. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Ethiopia.

Hapa tusidanganyane: nyayo zake zilikuwa na sugu na mazoezi ya miaka. Aliyezoea viatu akivivua ghafla na kukimbia kwenye lami atajiumiza.

Tokyo, mwaka 1964, wiki tano tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, Abebe alikimbia na viatu vilivyomkaa, pamoja na soksi. Alitumia saa 2, dakika 12 na sekunde 11, yaani dakika tatu pungufu ya Roma. Kwetu sisi, mbio hizo ndizo zinazoeleza jambo lenyewe, ingawa picha yake haijulikani sana. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mexico, mwaka 1968, mguu ulimshinda. Mfupa ulikuwa na ufa, akaacha mbio baada ya kilomita 17 hivi. Mwenzake Mamo Wolde akashinda.

Mwaka uliofuata gari lake lilipinduka, akapooza kuanzia kiunoni. Alitibiwa Stoke Mandeville, Uingereza, na mwaka 1970 akashindana huko kulenga shabaha kwa upinde, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alifariki Addis Ababa tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na miaka 41. Maelfu walimzika, Haile Selassie akiwa miongoni mwao.