Leon Jacobson: Daktari aliyefunika wengu wa panya, damu ikarudi

HEBU fikiria daktari ambaye watu anaowachunguza hawaumwi popote. Hawana homa, hawakohoi, na kila asubuhi wanaingia kazini wakiwa buheri wa afya. Hatari ikiwafikia, itaonekana kwanza kwenye tone la damu. Hiyo ndiyo kazi aliyopewa Leon Jacobson mjini Chicago, Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Jacobson alizaliwa mwaka wa 1911 katika kijiji kidogo cha Sims, jimbo la North Dakota. Hakulelewa kwenye anasa. Pesa za chuo zilipomwishia, aliacha masomo akaenda kufundisha katika shule ya kijijini yenye chumba kimoja, kisha akarudi darasani kumalizia alichoanza. Mwaka wa 1939 alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Chicago.

Miaka mitatu baadaye, Desemba 2, 1942, kikundi cha Enrico Fermi kiliwasha tanuri la kwanza la nyuklia duniani chini ya majukwaa ya uwanja wa michezo wa chuo hicho hicho. Ulikuwa mradi wa siri kubwa, ule uliozaa bomu la atomiki. Jacobson alikuwa miongoni mwa madaktari waliolinda afya ya wafanyakazi wake. Shida ni kwamba mionzi haionekani, hainuki, wala huisikii ikikupenya. Basi alichoweza kufanya ni kupima damu yao mara kwa mara na kuhesabu chembe zake. Hesabu ikishuka, hilo ni onyo.

Mbona damu? Chembe za damu hutengenezwa kwenye uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa. Huko chembe hugawanyika usiku na mchana bila kupumzika, na chembe zinazogawanyika kwa kasi ndizo mionzi huziumiza zaidi. Baadhi ya chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, huanza kupungua saa chache tu baada ya mionzi mikali. Zile zinazogandisha damu hufuata. Chembe nyekundu huchelewa kupungua kwa sababu kila moja huishi takriban siku 120. Mtu huyo basi hushambuliwa na maradhi asiweze kujikinga, na anaweza kuvuja damu isikatike. Marie Curie, aliyeshika radiamu kwa miaka mingi, alifariki mwaka wa 1934 uboho wake ukiwa umeshindwa kutengeneza damu.

Vita vilipoisha, swali moja lilibaki: uboho ukishaharibiwa na mionzi, unaweza kurudi? Jacobson alilitafuta jibu kwa panya.

Jaribio lake lililojulikana sana lilitoka mwaka wa 1949. Alimpasua panya kidogo akatoa wengu nje bila kukata mishipa yake ya damu, akaufunika kwa madini ya risasi ambayo mionzi haipenyi kwa urahisi, kisha akaupiga mwili mzima kwa mionzi. Baadaye wengu ulirudishwa mahali pake. Panya wengine walipigwa mionzi ile ile bila kinga yoyote.

Wale wasiokingwa walikufa karibu wote. Lakini wengi wa wale waliofunikwa wengu waliishi! Na si wengu pekee uliokuwa salama. Uboho wa mifupani, ambao haukuwa umekingwa hata kidogo, ulianza tena kutengeneza damu. Hata panya aliyepandikizwa wengu wa mwenzake baada ya kupigwa mionzi alikuwa na nafasi ya kupona. Kumbuka kwamba wengu wa panya hutengeneza damu maisha yake yote, tofauti na wa binadamu mzima, ambaye kwa kawaida hutegemea uboho.

Sasa, ni nini kilichotoka kwenye wengu kikaamsha mifupa? Jacobson aliamini ni kemikali fulani, kitu kama homoni. Wengine walisema la, ni chembe hai zinazohama kupitia damu na kuota upya kwenye uboho, kama mbegu shambani. Mwaka wa 1951 Egon Lorenz na wenzake walionyesha kuwa kumdunga mnyama uboho mzima kunamwokoa vilevile. Halafu mwaka wa 1956 watafiti wa Uingereza walitumia chembe zenye kromosomu za kutambulika, wakazikuta zikigawanyika ndani ya uboho wa panya aliyepona. Mjadala ukaishia hapo. Zilikuwa chembe, si kemikali.

Kwa hivyo Jacobson alishindwa? Maelezo yake yaliporomoka, ndiyo. Lakini matokeo yake yalisimama, na waliomkosoa waliyatumia kama msingi. Kutoka kwa panya hao, njia ilielekea kwa upandikizaji wa uboho, ambao leo huwatibu watu wenye saratani ya damu. E. Donnall Thomas, aliyeufikisha upandikizaji huo kwa binadamu, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1990.

Tena wazo la kemikali halikuwa bure kabisa. Mwaka wa 1957 Jacobson na wenzake walionyesha kuwa figo ndizo chanzo cha homoni inayouamuru uboho utengeneze chembe nyekundu. Mwenzake, Eugene Goldwasser, alihangaika kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuipata ikiwa safi mwaka wa 1977. Leo wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu, hata hapa nchini, hudungwa homoni hiyo ili wasipungukiwe na damu.

Jacobson alifariki Chicago mwaka wa 1992 akiwa na umri wa miaka 80. Kama wewe ni mwanafunzi wa sayansi na jaribio lako limekupa jibu ambalo hulielewi, liandike jinsi lilivyo. Maelezo yanaweza kuja baadaye, na pengine yatatoka kwa mtu mwingine.