Sir George Beatson: Tabibu Aliyejifunza Malishoni

George Thomas Beatson alizaliwa mwaka wa 1848 mjini Trincomalee, katika kisiwa cha Ceylon ambacho leo ni Sri Lanka. Babake alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza. Beatson alisomea Cambridge, kisha akajifunza utabibu Edinburgh, ambako alihudumu chini ya Joseph Lister, mpasuaji mashuhuri aliyewafunza wenzake kuua viini vya vidonda. Hata hivyo, wazo lililomjengea jina hakulipata katika chumba cha upasuaji bali malishoni.

Mnamo mwaka wa 1876 aliajiriwa kumtunza mgonjwa wa akili katika shamba moja magharibi mwa Uskoti. Kazi ilikuwa chache na wakati tele, naye alikuwa na tasnifu ya kuandika. Kwa kuwa palikuwa na kondoo wengi karibu, akachagua kuchunguza utoaji wa maziwa. Alibaini kwamba seli za titi linalonyonyesha huongezeka kwa kasi mithili ya seli za saratani, ila zile hatimaye hugeuka maziwa, ilhali hizi huendelea kuzaana tu. Aidha, alipata habari kwamba wafugaji wa Australia waliwatoa ng'ombe ovari baada ya kuzaa ili waendelee kukamuliwa. Je, kiungo kimoja chaweza kukitawala kingine kilicho mbali nacho? Neno homoni lenyewe lilikuwa halijabuniwa. Lilikuja kutumiwa mwaka wa 1905.

Miaka ikapita. Mnamo Mei 1895, huko Glasgow, aliletewa mama mwenye umri wa miaka 33. Titi lake lilikuwa limekwisha kukatwa, lakini saratani ilikuwa imerejea kifuani. Beatson aliwaeleza mke na mume wazo lake bila kuwaahidi lolote, nao wakakubali, kwani hawakuwa na tumaini jingine. Tarehe 15 Juni alimtoa ovari zote mbili. Baada ya miezi minane uvimbe ulikuwa umetoweka. Mwaka wa 1896 Beatson alichapisha habari hizo katika jarida la Lancet. Mama yule hakupona kabisa: aliaga dunia mwaka wa 1899. Lakini miaka ile minne aliipata kwa kisu ambacho hakuna aliyewahi kukitumia hivyo.

Wapasuaji wengine walipoiga, takriban thuluthi moja tu ya wagonjwa walipata nafuu. Sababu ilijulikana baada ya miongo mingi: estrojeni inayotengenezwa na ovari hulisha zile saratani tu ambazo seli zake zina vipokezi vya homoni hiyo. Beatson, aliyetunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1907, alifariki mwaka wa 1933 kabla ya vipokezi hivyo kugunduliwa. Kituo cha saratani cha Glasgow kina jina lake hadi leo.

Swali aliloliacha lingali linawasumbua matabibu. Kuna dawa zinazozuia kimeng'enya cha aromatesi, ambacho hutengeneza estrojeni nje ya ovari, hasa katika mafuta ya mwili. Dawa hizo zikitumiwa peke yake humfaa mwanamke aliyekoma hedhi. Ovari zikiwa bado hai, zaweza hata kuzichochea zifanye kazi zaidi. Basi hedhi imekoma lini? Kemotherapia huikatiza, na tamoksifeni huivuruga. Mwanamke wa miaka 45 aweza kukaa mwaka mzima bila hedhi baada ya matibabu, kumbe ovari zimelala tu, na siku moja zikaamka, pengine hata akapata mimba. Kwa hiyo daktari hategemei kalenda pekee. Huipima damu kiwango cha estradioli na cha homoni ichocheayo ovari, na kipimo kimoja hakitoshi. Hurudiwa muda wote dawa inapotumiwa. Kwa mama yule wa 1895 swali hilo halikuzuka, kwa kuwa hakubakiwa na ovari hata moja.